Kemboi na Kogo, Mpaka kwa Geti

Nyakio, uko? Sijui nicheke au nilie.

Si nilikuambia nilimkuta Kemboi wangu na sigara? Mtoto ana miaka kumi na tano na akipanda kilima kidogo tu kifua kinapiga filimbi. Leo nikamleta huku Lanet, babu yake amwonye.

Mzee alianza vizuri. Mwaka wa hamsini na nane, mbio za Krismasi kwenye shamba la mzungu huko Njoro, na yeye kijana wa kuvuta sigara. Pumzi ikakata, akaanguka. Msichana mmoja akamtupa mgongoni kama kuni, akamaliza mbio naye, shamba zima likitazama.

"Msichana gani?" Kemboi akauliza.

"Si huyu kogo yako," akamwonyesha nyanya yake.

Nyakio, huyo mtoto akatabasamu! "Kumbe bila sigara mimi singezaliwa?"

Singezaliwa!!

Kogo akachukua fimbo yake. Ana miaka themanini na mbili. "Wewe, inuka. Mimi na wewe, mpaka kwa geti."

Amemshinda. Nakuambia AMEMSHINDA. Kemboi alikwama kwenye mwinuko, ameshika magoti, anakohoa. Mzee akakimbia kumsaidia, naye pumzi ikakata.

Sasa hivi wote wawili wamekaa kwenye nyasi, wanakohoa kwa zamu. Kemboi mwenyewe ametoa pakiti ya sigara mfukoni, akampa kogo.

Kogo ameipokea, akawaangalia, akauliza, "Nianze kubeba nani?"