Chumvi ya Mizani na Kipimo cha Mwende

Mwaitu, mama yangu unayepumzika Kasikeu,

Unanijua. Siamini tangazo wala ahadi, na mhubiri akisema tufumbe macho, mimi huyafumbua yangu zaidi. Tabia hii niliitoa kwako. Basi usishangae kusikia kwamba mwezi huu nimegombana na watu wa maabara, na kwamba silaha niliyoibeba ilikuwa chumvi yako.

Mwende wetu ana saratani ya titi. Naiandika kwa jina lake kwa sababu huko Mwingi alikoolewa wanaizungukazunguka, wanasema "ule ugonjwa". Daktari alimkata kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, kikapelekwa maabara kutafutwa kitu kimoja: kipokezi cha homoni. Ni protini inayokaa ndani ya kiini cha seli na kuipokea homoni ya kike. Ikiwepo, homoni hiyo ndiyo inayoilisha saratani, na kuna vidonge vya kuinyima chakula. Isipokuwepo, vidonge ni kazi bure, na mgonjwa anaingia kwenye dripu kali ya kemo, ile inayopukutisha nywele.

Protini hiyo huwezi kuiona hivihivi. Wanakimwagia kinyama kingamwili, dawa iliyotengenezwa ili iishike protini hiyo na si nyingine, kisha wanatia rangi. Palipo na protini, viini hugeuka kahawia chini ya hadubini; pasipo nayo, hubaki buluu.

Jibu la Mwende lilirudi: hasi.

"Dada, mimi nilikuwa naombea vidonge," aliniambia. "Dripu nimeona vile ilimfanya jirani yangu. Na duka nitamwachia nani?"

Karatasi moja, neno moja, na hakuna aliyeuliza swali. Nikaenda mwenyewe.

Fundi wa maabara alikuwa mtu wa rika langu, mtaratibu, wa kuudhi kwa upole wake. Nilimwomba anionyeshe chupa ya kingamwili. Ilikuwa ndogo kama kidole, na lebo yake ilisema: kwa matumizi ya utafiti pekee.

"Kumbe dada yangu ni utafiti?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Tuliijaribu wenyewe kabla ya kuitumia kwa wagonjwa."

"Mbele ya nani?"

"Kwani wewe ni daktari?"

"Mimi ni binti wa muuza ndengu."

Hakuelewa, lakini wewe unaelewa. Kila msimu wa ndengu ulikuwa ukitoa sandukuni pakiti ya chumvi ya kilo moja ambayo haijafunguliwa, unaitia kwenye kiondo, na kabla ya mnunuzi yeyote kugusa gunia lako unaiweka kwenye mizani yake. "Pima kwanza ninachokijua," unamwambia, "ndipo upime nisichokijua." Hata wiki ambazo tulikula muthokoi bila chumvi, pakiti ile haikuguswa.

Unamkumbuka Mwanzia? Uliiweka chumvi kwenye mizani yake na sindano ikasimama kabla ya kufika kilo. Ulisema kwa sauti iliyofika mwisho wa soko kwamba mizani ile ni mwizi. Yeye akasema, "Mama, hiyo chumvi ndiyo haijatimia." Wanawake wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote. Msimu ule hakuna aliyemuuzia hata debe moja, akafunga virago akahamia Kalamba.

Basi nikamwambia fundi: "Nionyeshe mlichopima mkikijua."

Hapo akanitazama upya. Kumbe nao wana chumvi yao. Kando ya kinyama cha mgonjwa huweka kipande kingine kinachojulikana kuwa na protini hiyo. Kipande hicho kisipogeuka kahawia, jibu la mgonjwa halina maana. Alikileta, nikainamia hadubini. Kilikuwa buluu tupu.

"Na huyu naye ni hasi?"

Akakitazama yeye, akasoma tarehe iliyoandikwa kwenye kioo chake. Kisha akasema, "Hiki kilikatwa zamani. Kikikaa sana baada ya kukatwa hupoteza nguvu."

"Na bado mkaandika hasi."

"Hapo tulikosea. Haikufaa jibu litoke." Akaishika ile chupa. "Lakini kingamwili ni kizima, mama. Kipande ndicho hakijatimia."

Nilikuwa nimeshaandika kichwani makala ya kuwaanika gazetini. Sentensi hiyo ikanikalisha.

Mwaitu, chumvi yako haikuwa imetimia. Mimi na Mwende tuliitoboa kwa mwiba chini ya kona iliyokunjwa, tukawa tunaikamua kidogokidogo kwa maembe mabichi, kisha tunaziba tundu kwa utomvu wa mgunga. Mizani ya Mwanzia ilisema kweli. Wewe ulidanganywa na binti zako, na yeye akafukuzwa na kicheko changu. Siku ile nilionja utamu wa kumshinda mtu mbele ya watu, na nimeutafuta tangu hapo.

Walirudia kipimo, kwa chupa ileile, na kipande cha kulinganishia kilichokatwa asubuhi hiyohiyo. Nilikaa nao hadi mwisho, sikukubali kuondoka. Kipande chao kiligeuka kahawia, nukta kwa nukta. Cha Mwende kilibaki buluu. Jibu lilikuwa kweli tangu mwanzo, ingawa hakuna aliyekuwa na haki ya kulisema. Kwa hilo maabara sijaisamehe, na makala nitaiandika. Nami nitakuwa ndani yake.

Nilimwambia Mwende kwa simu. "Basi ni dripu," akasema. "Angalau sasa najua." Nikamweleza habari ya chumvi, akacheka hadi akakohoa. "Wewe ndiye ulitoboa. Mimi nililamba tu."

Anaanza Jumatatu. Jumamosi tunakwenda Kalamba. Mwanzia yu hai, mzee sasa, na bado ananunua ndengu. Nilitaka tungoje Mwende apone kwanza. Akakataa. "Nataka anione na nywele zangu."

Tutabeba pakiti ya kilo moja ya chumvi, mpya. Asipotuamini, ana mizani yake.

Nimekwambia wewe kwanza, maana wewe ndiye uliyeiamini ile pakiti. Pumzika, Mwaitu, na umwangalie Mwende.

Ni mimi, binti yako wa kwanza, niliyeshika mwiba.