Kaka, Ulijua Ardhi Inashuka

Kaka Hamadi,

Kwenye arobaini yako hapa Tabora walikusifu mpaka nikatoka nje. Mpima ardhi hodari! Aliyewapa watu wa mdomo wa mto Malagarasi kijiji cha ujamaa kilichonyooka kama rula! Hakuna aliyetaja maji.

Unakumbuka likizo uliyonipeleka huko? Nilikuwa nafundisha jiografia, nikakuona unapanga viwanja juu ya matope mapya ya delta. Nikakueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi: kila masika mto unaleta matope, matope ni mzigo, na ardhi iliyobeba mzigo hubonyea kama kitanda cha kamba akilala mtu mnene. Mwamba wa chini hupinda polepole mno, sisi hatutauona. Lakini matope yenyewe hujishindilia, yanashuka tungali hai, na mto huhamia palipo chini. Bi Nyanzobe, uliyekuwa unamtoa kwake mwinukoni, alisema hilohilo bila kitabu: "Mwanangu, hapo mto umepaacha kwa muda tu."

Ulicheka mbele za watu. "Ualimu wako uishie ubaoni," ukaniambia. Kisha ukaamuru paa la yule mama lishushwe.

Masika ya tatu baada ya hapo mto uliingia kijijini mchana kweupe. Maji yalimchukua mjukuu wake, msichana wa miaka sita.

Hata hapo nilikutetea. Nilisema kaka yangu hakujua. Mpaka juzi, nilipofungua sanduku lako la vipimo nikakuta daftari. Kigingi ulichokipigilia mwenyewe kilikuwa kimeshuka shubiri nzima. Uliliandika hilo kwa mkono wako, kabla hajahamishwa mtu hata mmoja, halafu ukapiga mstari juu yake. Kaka! Uliogopa nini? Kukaripiwa na mkubwa wako?

Nilipanda treni, nikaenda kumsomea Bi Nyanzobe. Alisikiliza huku anachambua dagaa.

"Alijua?"

"Alijua, mama."

Hakulia. Aliendelea na dagaa wake.

Daftari nimelikabidhi wilayani. Shule ikifungwa narudi huko, tunajenga upya nyumba yake mwinukoni, na wengine wameanza kumfuata.

Kwaheri, Kaka. Mama alituzaa wawili tu, na bado nakuchukia. Naahidi hivi: siku Bi Nyanzobe atakapokuombea dua, nami nitaitikia amina. Mimi sitaanza.

Dada yako,
Zuhura