Helmeti ya Deshon

Ardell, Nebraska
Novemba 3

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na Mama hatujambo, ila baridi imeanza kuuma masikio. Magoti yako yanaendeleaje? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa nameza maneno.

Jumamosi tulitazama timu yako ya chuo ikicheza futiboli ya Kimarekani kwenye televisheni. Yule mchezaji wako Deshon alipogongwa kichwa, aliinuka akaenda kukaa kwenye benchi la wapinzani. Mama akasema, "Mtoto wa watu huyo hajui aliko!" Daktari akamnyang'anya helmeti, kama mnavyofanya siku zote ili mchezaji asichoropoke akarudi uwanjani. Robo ya mwisho ya mchezo nikaiona helmeti kichwani mwake tena. Nani aliirudisha?

Mwanao,
Lenore

Novemba 11

Binti yangu,

Marahaba. Magoti yananikumbusha umri, lakini nipo.

Deshon mwenyewe alinisihi: "Kocha, niko fiti, acha kunilea kama vile wewe ni bibi yangu!" Na ndiye aliyerusha mpira wa ushindi. Kichwa bado kinamuuma. Yuko hospitali, wanamwangalia.

Sasa furahi: nimepewa mkataba wa miaka minne. Nimefundisha vyuo sita, nikianzia kupanga koni za mazoezi, na hakuna kilichonivumilia zaidi ya misimu mitatu. Safari hii tutanunua nyumba. Mje huku tuishi wote, umalize shule mahali pamoja.

Baba yako

Novemba 20

Baba,

Shikamoo. Hatujambo.

Gazeti linasema Mzee Orrin, mtunza vifaa wako, amefukuzwa kwa kumpa Deshon helmeti bila ruhusa. Mzee Orrin hafungui hata kabati bila kukuuliza. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimtania, "Orrin, ukienda chooni nijulishe!"

Swali langu hukulijibu. Nyumba naitaka, Baba. Naitaka sana, nimeshachagua hata ukuta wa kuweka vitabu. Lakini siji kukaa ndani yake ikiwa Mzee Orrin ndiye aliyeilipia kwa kazi yake.

Lenore

Desemba 9

Lenore mwanangu,

Salamu kwako na kwa mama yako. Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nilichoanza kukuambia kilinitia aibu.

Nilikwenda mbele ya kamati ya chuo nikasema: "Mimi ndiye niliyemwamuru Orrin. Alikataa mara mbili." Orrin amerudishwa kazini. Mimi nimeachishwa, na sidhani kama kuna chuo kitakachonipigia simu. Nyumba haipo tena. Nisamehe.

Jana nilikwenda kwa mama yake Deshon kuomba radhi. Hakunifokea. Alinionyesha kiti, basi. Deshon alikuwa mezani, mapazia yamefungwa kwa kuwa mwanga unamuumiza. Alinitazama muda mrefu, kisha akatabasamu.

"Kocha Burrell," akasema, "leo mazoezi saa ngapi?"

Burrell ndiye aliyemfundisha sekondari.

Nikamwambia, "Leo hakuna mazoezi, mwanangu. Pumzika."

Baba yako