Mkono wa Kaka Damiani

Alhamisi

Naye alinyoosha mkono! Kaka yangu Damiani, diwani wetu, niliyempigia kampeni nyumba hadi nyumba.

Sheria ndogo imepita kwa kura barazani: ushuru wa kahawa utajenga shule za milimani inakolimwa. Sisi wa ziwani, wenye mihogo na usipa, hivi visamaki vyetu, tujitegemee. Darasa ninalofundisha litabaki na paa la nyasi. Na zile ngazi za mawe hapa shuleni tunapoishi, ambako mama aliteleza akateguka nyonga, hazitawekewa vyuma vya kushikia. Damiani mwenyewe ndiye aliyeviahidi.

"Dada, wote walinyoosha. Ningebaki peke yangu ningeonekanaje? Siku hizi ni soko huria, mwenye mali ndiye anayesikilizwa."

Anasema hayo huku anakula usipa wangu. Nilitaka kumnyang'anya sahani. Nikamwongezea ugali, mjinga mimi.

Mama hatujamwambia. Damiani alipoaga, mama aling'ang'ania kumsindikiza. Wakashuka zile ngazi polepole, Damiani kamshika mama kwa mkono uleule alioupigia kura.

Mama akanigeukia, anatabasamu. "Unaona? Huyu hawezi kuniacha nianguke."