Hesabu Hadi Arobaini

Kashai, Bukoba
12 Novemba 2023

Mpendwa Taata,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na kwamba goti limekubali dawa. Sisi tunaendelea. Mvua zimeshika, senene wameanza kuonekana, na Mwajuma wa duka la jirani anawauza kwa kikombe huku akiapa kwamba wote ni wa leo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Kwanza ni masikio yako. Mara ya mwisho nilikuambia Agnetha ana homa, ukanijibu kwamba na huko Songea mahindi yamechelewa. Pili, yapo maneno nisiyoweza kuyasema Evarist akiwa hatua mbili kutoka kwangu, kwenye cherehani yake.

Ni macho ya mtoto, Taata. Mwili tulishauzoea. Alichelewa kulia alipozaliwa, shingo ikachelewa kukaza, degedege likaja na likakaa. Sasa ana miaka minne na bado namkalisha kwa mito. Lakini macho tulidhani yapo. Ni makubwa na safi, kama ya marehemu mama. Kisha nikagundua kwamba nikipita mbele yake bila kusema neno, hanifuati. Hospitalini walimulika, wakapima, wakasema macho yenyewe ni mazima. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayopokea kile ambacho macho yanaleta. Huenda anaona kidogo, huenda haoni. Hakuna ajuaye mpaka tumzoeze. "Mwonyesheni rangi," mtaalamu alisema, akatupa tarehe ya kurudi mwezi wa saba.

Evarist alitoka pale kama mtu aliyepewa kazi anayoiweza. Fundi nguo akiambiwa rangi! Siku hiyohiyo alikusanya vipande vyote vya vitenge vilivyobaki kwa wateja akavitundika kuzunguka kitanda cha Agnetha, mpaka ukuta hauonekani. Mwajuma alipochungulia alisema, "We Evarist, huyu ni mwanao au ni mzigo wa mitumba?" Tulicheka. Ni siku nyingi hatujacheka.

Sasa swali langu. Mama mkwe, kule Rubafu, anasema jambo hili lina kwao, na kwao anakosema ni kwetu. "Waulize wazee wako," aliniambia mbele ya watu. Taata, katika ukoo wetu aliwahi kuwepo mtoto wa namna hii?

Mwanao,
Kokuhirwa

•

Songea
3 Desemba 2023

Mwanangu Kokuhirwa,

Marahaba. Nami sijambo, ukiacha goti, ambalo limeamua kunitabiria mvua. Nisalimie Evarist, na umbusu Agnetha kwa niaba ya babu asiyemjua ila kwa picha.

Hapa ninaishi vizuri miongoni mwa watu wema ambao kwa miaka arobaini na tisa wameniita "yule mwalimu Mhaya". Nikifumba macho bado naitembea Buganguzi yote. Kutoka mlango wa nyuma wa nyumba ya baba yangu hadi kwenye mibuni ni hatua arobaini za mtoto. Migomba ya upande wa kushoto ilikuwa ya ndizi za kupika, ya kulia ya pombe. Sijasahau kitu.

Kuhusu ulichouliza: hakuna mtoto wa namna hiyo ninayemkumbuka. Mwambie mama mkwe hivyo, kwa heshima.

Vitambaa vya Evarist ni wazo jema. Endeleeni.

Baba yako,
Rugaibula

•

Kashai
18 Februari 2024

Mpendwa Taata,

Shikamoo. Habari za goti na za mahindi? Sisi tuko salama kwa kiasi chetu. Agnetha alilazwa siku sita mwezi wa kwanza kwa degedege, lakini amerudi na anakula.

Jibu lako nililipeleka Rubafu. Mama mkwe alisikiliza, akasema, "Basi," kwa sauti ya mtu ambaye hajaamini.

Vitambaa havikusaidia. Evarist aliongeza vingine. Akatundika hata kwenye dari, vyenye maua, ndege, matarumbeta. Kadiri anavyoongeza ndivyo mtoto anavyogeuza uso upande wa pili, ambako hakuna kitu. Evarist anauzungusha mto, naye anageuka tena. Juzi nilimkuta amekaa kwenye stuli, mikono mapajani, anamtazama. Akaniambia taratibu, bila hasira, na ningeona afadhali angekasirika: "Mama Agnetha, nimemwonyesha kila rangi iliyopo duniani. Huyu haoni. Anatukimbia."

Kisha akayasema mengine. Mama yake yuko tayari kumchukua Rubafu. Kule kuna uwanja, kuna shangazi wawili, na mimi ningeweza kurudi kufundisha chekechea. "Mtoto asiyeona hajui alipo," alisema. "Kwake Kashai na Rubafu ni mamoja."

Nimemwomba tungoje. Amekubali hadi mwisho wa mwezi wa sita. Sina hoja, Taata. Kama kweli hanioni, nitasema nini? Kwamba mimi ndiye nitakayeumia?

Mwanao,
Kokuhirwa

•

Kashai
5 Mei 2024

Taata,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ya Februari ilifika. Nimepiga simu mara mbili; jirani yako anasema u mzima na unakaa uani bila kusema na mtu. Kama nimekuudhi, niambie.

Mama mkwe anakuja Jumapili ya tarehe 30 Juni. Ameshanunua neti ya kitanda.

Mwanao,
Kokuhirwa

•

Songea
19 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hukuniudhi. Barua yako ilifika, na nimeanza kuijibu mara nyingi. Nilikudanganya, na mtu aliyefundisha watoto wa wengine miaka thelathini na minne anapaswa kujua namna ya kusahihisha kosa.

Nilikuwa na mdogo wangu. Aliitwa Kokubanza. Mama alikuwa na uchungu wa siku mbili kabla hajamzaa, naye akachelewa kulia. Hakukaa, hakusimama, na watu wote walisema ni kipofu. Elewa vizuri: haikuwa damu ya ukoo. Ilikuwa pumzi iliyochelewa, kama ya Agnetha. Lakini nilijua Rubafu wangesikia jina tu, wasisikie sababu, kwa hiyo nikanyamaza. Hiyo ndiyo sababu yangu nzuri. Ile mbaya ni kwamba sijalitamka jina lake tangu mwaka 1959.

Unajua desturi yetu ya mgeni: anakaribishwa, anatandikiwa majani mapya, analetewa kikapu kidogo cha buni za kutafuna. Kwetu ilikuwepo hatua moja zaidi, kabla ya kikapu. Mtu alipopiga hodi, baba alinitazama, nami nilimbeba Kokubanza na kumpeleka nyuma ya kizuizi, kwenye moshi na giza, mpaka mgeni aondoke. Hakuna aliyenifundisha. Nilijua tu. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo.

Msimu wa kuvuna, wote wakiwa shambani, nilikuwa namtoa nje. Hatua arobaini, nimekwisha kukuandikia, ila nilikuficha nilikuwa nimebeba nini. Nilimlaza kando ya mikeka ya buni. Pale ambapo buni zilichanganyika, mbichi na mbivu na majani, aligeuza uso. Lakini mama alikuwa na kawaida ya kuzitenga zile nyekundu kabisa na kuziweka peke yake kwenye udongo uliofagiwa. Hizo, Kokuhirwa, Kokubanza aliziangalia. Hakuangalia moja kwa moja. Aligeuka kwa upande wa shavu, kama mtu anayesikiliza. Wala hakuangalia upesi. Ilichukua muda ambao mtu mwenye kazi hana. Mimi nililiona hilo kwa kuwa nilikuwa mvivu na sikutaka kurudi kuchota maji.

Nilimwambia baba. Alisema, "Anasikia nzi."

Januari nilipelekwa shule ya bweni. Niliporudi Juni, hakuwepo. Hakuna aliyesema neno, nami sikuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, umri unaotosha kabisa kuuliza.

Mimi si daktari. Lakini nadhani Evarist, kwa upendo wake wote, amemweka mwanawe kwenye mkeka uliochanganyika. Hawakimbii ninyi. Anakimbilia mahali pasipo na vitu, apumzike. Mwambie ashushe vyote. Abakize kimoja tu, chekundu, kisicho na maua. Kisha mkae kimya mngoje, hata ikiwa ni aibu kungoja.

Mpe barua hii aisome mwenyewe. Rubafu wakiitumia dhidi yako, watumie jina langu. Ni mimi niliyeficha.

Baba yako,
Rugaibula

•

Kashai
7 Julai 2024

Mpendwa Taata,

Shikamoo sana. Natumaini umeamka vizuri, na kwamba umetoka uani na kusema na majirani. Sisi wote wanne ni wazima. Nimehesabu wanne kwa sababu Mwajuma sasa anashinda hapa.

Evarist alisoma barua yako akiwa amesimama. Kisha akaisoma tena amekaa. Alipanda kwenye stuli akaanza kushusha vitambaa, kimoja kimoja, akivikunja kama vya wateja. Vilifika hamsini na vitatu. Ukutani alitundika bitana nyeusi ya suti, tupu. Mimi nilipanda gari hadi Buganguzi, shangazi zangu wa kule wakanichumia kopo la buni mbivu bila kuniuliza za nini.

Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya pili, hakuna. Siku ya tatu degedege, na baada yake analala tu. Wiki nzima ikapita hivyo, na nilianza kukulaumu, Taata, kwa kunipa tumaini.

Tarehe 30 mama mkwe alifika saa nne asubuhi, ametoka kanisani ibada ya kwanza, amevaa kitenge chake cha Uinjilisti wa Wanawake. Nguo za Agnetha zilikuwa kwenye mfuko mlangoni, nilizikunja mwenyewe. Evarist akamwambia, "Mama, kaa kidogo." Akazifunga buni nyekundu kwenye kipande cha wavu ili zisitoe sauti, akazishika mbele ya ile bitana nyeusi, upande wa kushoto wa mtoto. Akaanza kuhesabu kwa midomo.

"Mnangoja nini?" mama mkwe akauliza. "Gari la Rubafu halingoji."

"Waitu mama, nyamaza tuone," Mwajuma akamwambia, na Mwajuma hajawahi kumnyamazisha mtu mzima maishani mwake.

Ilipofika thelathini na nane Agnetha aligeuka. Kwa upande wa shavu, Taata. Kama mtu anayesikiliza.

Mama mkwe akasema, "Amesikia tu."

Evarist alihama kimyakimya na buni zake hadi upande wa kulia, akaanza tena moja. Safari hii nilimwona mtoto akizipoteza, akizitafuta, akizipata. Arobaini na moja. Mkono wake ukainuka kidogo, ule wa kulia ambao hautumii. Evarist akasema, "Yupo," neno hilo tu.

Mama mkwe alikaa juu ya mfuko wa nguo. Kisha akavua kile kitenge chenye maandishi na maua, akabaki na gauni lake la bluu la ndani, akasogea kitandani akasema, "Na mimi anaweza kuniona?" Gari la Rubafu liliondoka bila yeye, na kesho yake akaondoka peke yake. Mfuko ameuacha.

Sitaki kukudanganya. Hajapona, na mtaalamu, tuliyemwona Jumatano, amesema hatapona kwa namna watu wanavyodhani. Amesema tulichofanya sasa ndicho sahihi: kitu kimoja, rangi moja, na kungoja. Zipo siku haoni kabisa. Lakini nafunga kilemba chekundu kitupu kila asubuhi, ninasimama mbele ya ile bitana, na siku nyingine uso wake unanijia polepole, kutoka mbali. Nimeacha kazi ya kumwita. Nasimama tu.

Pamoja na barua hii, kwenye basi, kuna kifurushi. Evarist amekushonea shati. Ni jekundu, halina maua wala mfuko. Anasema, "Mwambie mzee, akija avae hili, mtoto asimpite."

Akija, alisema. Hakusema "kama atakuja".

Mwanao,
Kokuhirwa

•

Buganguzi, Muleba
25 Agosti 2024

Mwanangu Kokuhirwa,

Naandika kutoka nyumbani. Kwa miaka mingi neno hilo nililitumia kwa kusitasita. Sijambo, goti limevumilia safari kuliko nilivyotegemea. Kesho kutwa nitarudi kwenu Kashai, lakini yapo mambo ambayo naweza kuyaandika tu.

Mzee wa miaka sabini na saba mwenye shati jekundu anatazamwa sana stendi. Kondakta mmoja aliniita "bwana harusi". Nilifika mlangoni kwenu nikiwa na maneno niliyoyapanga tangu Songea, na ukaniambia, "Taata, usiseme. Simama."

Ulipoingia jikoni uliniacha naye. Nilihesabu hadi arobaini, hakuna kitu. Nikahesabu tena. Nilielewa kwa nini watu huondoka: si kwa ukatili, ni kwa sababu mtu anaona aibu kusimama mbele ya uso usiomjibu. Nikahesabu mara ya tatu, na katikati yake, sijui kwenye namba gani, shavu lile likageuka. Nililijua. Nililiacha hapa mwaka 1959. Ndiyo maana uliponikuta nalia sikukueleza, ukadhani ni goti.

Jana niliuliza. Nilimwuliza binamu yangu Avit, mkubwa kuliko mimi, mahali walipomlaza Kokubanza. Alifikiri sana, akasema alizikwa kibanjani, kwenye shamba la nyumbani, upande wa mibuni, bila mti wala jiwe. Mahali penyewe hapajui mtu tena. "Kwa nini hukuuliza zamani?" akasema. "Mama yako alikuwa anajua."

Leo asubuhi nilitoka kwa mlango wa nyuma. Hatua za mzee si za mtoto, hazikufika arobaini. Kwenye mibuni nilifagia sehemu ndogo ya udongo mpaka ikawa safi. Nikachuma buni zilizoiva za mwisho wa msimu, nikatenga zile nyekundu kabisa, nikaziweka hapo peke yake. Nikakaa kando, na shati la Evarist, bila kusema kitu.

Nilihesabu hadi arobaini. Kisha nikaanza tena.

Baba yako,
Rugaibula