Shahidi wa Pili

Omari, rafiki yangu,

Sijui kama salamu za dunia zinafika huko uliko. Nakutumia hivyo hivyo, kwa sababu nina neno moyoni na hapa mtaani kwetu Langoni sina tena wa kumwambia.

Kilima cha Shela nimekipanda peke yangu. Ramadhani ilikuwa imefika siku ya ishirini na tisa, nikaona haya kukaa nyumbani. Miaka yote tumekwenda sisi wawili kuutafuta mwezi wa Idi, baada ya sala ya alasiri, kwa njia ya pwani, wewe mbele na tende zako kwenye leso, mimi nyuma nikilalamikia magoti. Siku hizi hapandi mtu. Wanangoja redio ya dukani iwaambie. Nilikaa pale pale petu juu ya mchanga, nikatazama jua likizama upande wa bara. Lilikuwa jua zuri, Omari, wala wingu hapana. Lilinitia uchungu uzuri wake.

Nilimkuta huko mwalimu Josefu, yule kijana wa bara anayefundisha skuli, Mkristo. Yeye hupanda kutazama jua likitua, basi, kwa raha zake. Nilipofuturu nikamgawia tende. Mara akanyoosha kidole, akaniuliza, "Mzee, si ule pale?"

Ulikuwa mwembamba kama ukucha uliokatwa. Nikauona. Wallahi niliuona. Ungekuwapo ungenitania kama kawaida yako, "Mato ya kushona kofia leo yamefaa," nami ningekujibu kuwa macho yako ya uashi yamejaa chokaa.

Nikashuka mbio, mzee mzima, mpaka msikitini. Redio ilikuwa imeshasema mwezi haukuandama. Sheikh alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Bwana Shee, mimi nakuamini. Lakini mwezi wa kufungua hautimii kwa mtu mmoja. Shahidi wako wa pili ni nani?" Nikamtaja mwalimu. Akatikisa kichwa. "Ni mtu mwema, lakini ushahidi huu ni wa Muislamu. Mwengine?"

Nikasema, "Omari."

Ulimi ulinitangulia. Miaka yote ndilo jibu nililolitoa. Watu wakainamisha vichwa. Sheikh akanishika mkono, akasema, "Mola amrehemu."

Sheria unaijua: aliyeuona mwenyewe hafungi siku ya pili yake, ila ale kwa siri, asiwatie watu fitina. Basi mji mzima ulifunga, mimi nikajifungia chumbani na tende na maji, mke wangu, aliyefunga na wenzake, ameelekea ukutani akilia. Idi gani hiyo? Sikuwa na wa kumpa mkono. Alasiri nikaja kaburini kwako, nikakuambia Idi mbaraka, nikakaa. Ungekuwa hai, neno lako moja lingetosha. "Nami nimeuona." Watoto wote wa Lamu wangevaa nguo mpya siku ile. Nifanye nini mimi? Ukweli ninao, na haunifai kitu.

Siku iliyofuata nikavaa kanzu, nikaswali nao sala ya Idi. Wakanipa mkono, nikapokea. Nilipotoka nilimkuta mwalimu njiani, naye akanipa wake, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mzee, si ilikuwa jana?"

Nikamwambia ndiyo, ilikuwa jana. Ndiye peke yake ninayeweza kumwambia, na mbele ya Sheikh hanisaidii, wala simlaumu Sheikh. Nimechoka, Omari. Sikujua kuwa ulipokufa ulikwenda na nusu ya neno langu.

Lala, ndugu yangu. Mola akupanulie kaburi lako na alitie nuru. Mwakani, magoti yakiniruhusu, nitapanda tena na tende za watu wawili. Na nikiuona mwezi nitashuka niseme nimeuona, japo najua nitakaloulizwa na najua nitakalojibu.

Wako,
Shee