Nafasi ya Kazi Bandani

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu nyingi zikufikie, wewe na mama. Hamjambo? Goti lake je, bado linamsumbua kila mvua ikitaka kunyesha? Mimi, kwa kufuata desturi, sijambo.

Nimesikia msimamizi wetu amekupigia simu kwamba kuna nafasi hapa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, na kwamba umeshanunua mabuti. Wewe na mabuti! Hata jogoo ulikuwa unamkimbia. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa huniachi nimalize.

Kukamua si kazi ya kutisha. Kinachotisha ni hewa ya bandani. Asubuhi tunafungua marobota ya majani makavu, na yale yaliyofungwa yakiwa na unyevu yamefanya ukungu ndani. Ukikata kamba tu, vumbi linafumuka mpaka humwoni mwenzako. Ongeza pumba, manyoya na mavi makavu tunayofagia. Ukipenga kamasi jioni, ni nyeusi. Ng'ombe wanakohoa, nasi tunawaitikia huku tukicheka. Mlishaji aliyenitangulia tulimwita Trekta kwa ukali wa sauti yake. Siku hizi ananong'ona.

Mwezi uliopita walikuja watu wa afya kupima hewa. Walieleza kwamba vumbi lile limebeba bakteria, na kwamba hata wakifa sumu yao huendelea kuumiza mapafu. Wakatuvisha kifuani vifaa vidogo vyenye mrija, vivute hewa ile ile tunayovuta sisi. Walipoondoka, msimamizi akatuonya kwamba vifaa ni vya bei mbaya, na atakayerudisha kichafu atakiona cha mtema kuni. Basi tukavitunza kama vitu vya mgeni: tukavifunga kwenye mifuko ya plastiki kutwa nzima, tukavifungua jioni vinang'aa. Wazo la mifuko lilikuwa langu, na nilisifiwa.

Majibu yakaja kwamba hewa yetu haina neno. Msimamizi akasitisha kutugawia barakoa, akasema anayekohoa ana mafua yake ya nyumbani. Nilipomweleza habari ya mifuko, alisema majibu ni majibu. Niliomba namba ya wale wapimaji, akanigeuzia mgongo. Nikaogopa, mdogo wangu, maana tangu hapo hakuna anayetuuliza tena.

Sasa nikwambie lililonikalisha chini. Nafasi uliyoitiwa ni yangu. Nimeachishwa kazi, kwa sababu siwezi kubeba ndoo kutoka bombani hadi mlangoni bila kukaa. Kulala nalala nimeketi. Daktari amesema mapafu yameanza kukakamaa, na sehemu iliyokwisha kukakamaa hairudi kuwa kama zamani. Nilikuficha kwa sababu hujui kumficha mama kitu. Hili mfiche mpaka nifike, nitamwambia mwenyewe.

Tena nimefanya jambo bila kukuuliza. Nimemwambia msimamizi kwamba umepata kazi kwingine na usipigiwe tena. Najua ulivyohangaika kutafuta kazi, na najua utanikasirikia. Kasirika tu, upige na kelele ukitaka. Pumzi unayo.

Msalimie mama, na majirani wote wanaoniulizia. Mkinitandikia kitanda, niwekeeni mito mingi.

Ni mimi dada yako,
akupendaye sana